Ile Damu ya Tumboni Ilikwenda Wapi? Jinsi Jeni Zinavyoamshwa na Kulazwa

Mpwa wangu alikuwa na miezi minane vidole vyake vilipovimba. Vilianza vya mikono, kesho yake vya miguu, vimetuna na kung'aa, ukimgusa tu analia mpaka sauti inakauka. Mama yangu alisema ni baridi, akamkanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Mtoto akalia zaidi. Hospitali walimtoa damu, na baada ya siku mbili daktari akamwambia dada yangu kwamba mtoto ana seli mundu, na kwamba kazaliwa nayo.

Dada hakukubali. "Daktari, huyu mtoto mpaka juzi alikuwa mzima kabisa. Hata mafua alikuwa hajui."

"Ni kweli, mama. Mpaka juzi alikuwa anatumia damu aliyotoka nayo tumboni kwako. Ile haina mundu. Sasa inakwisha, inaingia ya kwake ya ukubwani."

"Sasa si angeachiwa hiyo hiyo?"

Daktari alinyamaza kidogo, kisha akasema swali hilo ndilo wenzake wanalohangaika nalo dunia nzima.

Nimeishi na swali la dada kwa miaka sasa. Sikuliacha, kwa sababu kila nilipolifuatilia nilikuta linafungua jambo kubwa kuliko seli mundu: namna mwili unavyochagua jeni ipi, yaani agizo lipi kati ya yale tuliyorithi, ifanye kazi, wapi, na lini. Na jibu lake la kwanza ni hili: ile damu ya tumboni haikwenda popote. Jeni yake bado imo ndani ya mtoto yule, nzima, haina hitilafu. Imelazwa tu, na aliyeilaza anajulikana kwa jina.

Tuanze na damu yenyewe. Chembe nyekundu imejaa himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Himoglobini ya mtu mzima imefumwa kwa minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mtoto aliye tumboni hatumii beta, anatumia gama. Jeni imeandikwa kwa herufi za DNA, na kwenye seli mundu herufi moja tu ya jeni ya beta imebadilika, na kwa herufi hiyo moja himoglobini ikipungukiwa oksijeni inashikana na wenzake na kujenga nyuzi ngumu. Chembe inajikunja kama mundu, inakwama kwenye mishipa myembamba, na kule mbele iliko nyama au mfupa unaosubiri oksijeni ndiko maumivu yanakoanza. Kwa mtoto mchanga mara nyingi ni vidoleni. Gama haina kasoro hiyo, na ikichanganyika na beta mbovu huzizuia zile nyuzi zisijengeke.

Kwa hiyo mtoto ana jeni mbovu ya beta na jeni nzima ya gama, zote mbili zikiwa kwenye kromosomu ileile, yaani uzi uleule wa DNA, jirani kabisa. Ajabu ni kwamba miezi michache baada ya kuzaliwa mwili unaizima ile nzima na kuiwasha ile mbovu. Kwa mtoto asiye na ugonjwa hilo halina madhara yoyote. Kwa mpwa wangu ndiyo msiba wote.

Nani anazima na kuwasha? Binadamu ana jeni zinazotengeneza protini zipatazo 20,000, na karibu kila seli ya mwili inazo zote. Seli ya ini ina jeni za jicho, seli ya jicho ina jeni za himoglobini. Kinachofanya ini liwe ini ni jeni zilizowashwa mle. Jeni ikiwashwa, habari zake zinanukuliwa kutoka kwenye DNA kwenda kwenye RNA, na RNA ndiyo inayopelekwa kutengenezea protini. Kazi hiyo ya kunakili huitwa unukuzi. Unukuzi hauanzi wenyewe. Karibu na kila jeni, wakati mwingine mbali nayo sana, kuna vipande vya DNA ambavyo havitengenezi chochote: hivyo ni swichi. Na kuna protini maalumu ambazo kazi yake ni kuzitafuta swichi hizo na kuzishika, nyingine ili kuwasha, nyingine ili kuzima. Nitaziita protini za unukuzi. Sisi binadamu tunazo kama 1,600 hivi.

Zinatafutaje? Kila protini ya unukuzi inatambua neno fupi la herufi za DNA, aghalabu herufi sita hadi kumi na mbili. Moja ya zile ninazozipenda inaitwa GATA1. Jina lake limetokana na neno inalolisoma: G, A, T, A. Inakaa kwenye seli za uloto, ule ute ulio ndani ya mifupa, na inapoliona neno lake katika mahali panapofaa inatua na kuwasha jeni za chembe nyekundu. Bila GATA1 hakuna chembe nyekundu hata moja. Kumbuka jina hili, maana litarudi mara mbili, na mara zote mbili habari itakuwa juu ya mahali linapotua kuliko juu ya lenyewe.

Lakini protini ya unukuzi nayo haifanyi mambo kwa kujiamulia. Inasubiri taarifa, na taarifa inatoka mbali. Chukua mtu wa Tanga aliyepanda kwenda kuishi Iten, kule nyanda za juu za Kenya wanakofanyia mazoezi wakimbiaji. Hewa ni nyepesi. Baada ya wiki chache damu yake itakuwa na chembe nyekundu nyingi zaidi kuliko alipokuwa pwani. Mifupa yake ilijuaje kwamba amepanda mlima?

Figo ndizo zilizoonja. Mle ndani kuna seli zinazotengeneza protini ya unukuzi iitwayo HIF, na zinaitengeneza muda wote, usiku na mchana. Oksijeni ikiwepo ya kutosha, kimeng'enya kimoja kinaitumia oksijeni hiyo hiyo kuipiga HIF muhuri wa kemikali, protini nyingine inautambua muhuri, na HIF inapelekwa kusagwa dakika chache tu baada ya kuzaliwa. Oksijeni ikipungua, muhuri haupigwi. HIF inabaki, inaingia kwenye kiini cha seli, inashika swichi ya jeni ya homoni iitwayo EPO. Mtu anaweza kuona ni hasara kutengeneza kitu ili ukitupe. Mimi naona ni kama mama lishe asiyeuzima mkaa wake mchana kutwa: mteja akitokea, hakuna kungoja moto ushike. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kuufumbua utaratibu huu.

EPO ikishamwagwa inasafiri na damu hadi kwenye uloto. Huko haiingii ndani ya seli. Inagusa kipokezi kilichosimama kwenye ukuta wa seli, nusu nje, nusu ndani. Kipokezi kikiguswa nje, kimeng'enya kinachokaa upande wa ndani, JAK2, kinaamka na kumbandika jirani yake, STAT5, kipande cha fosfeti. STAT5 zilizobandikwa zinashikana mbili mbili, zinaingia kwenye kiini, zinashika swichi zake. Seli inapata ruhusa ya kuishi, kugawanyika na kuwa chembe nyekundu. Ni mbio za kupokezana vijiti: anayefika mwisho siye aliyeanza, ila habari ni ileile. Si taarifa zote zinazopita njia hii. Homoni kama kotisoli hupenya zenyewe ukutani na kumkuta mpokeaji wake ndani, na mpokeaji huyo mwenyewe ndiye protini ya unukuzi.

Ukiielewa njia hii utaelewa maradhi ambayo majina yake hayafanani hata kidogo. Figo zikifa, EPO inakosekana, ndiyo maana wagonjwa wanaosafishwa damu hupungukiwa damu na kuchomwa sindano za EPO. Upande wa pili, mwaka 2005 iligunduliwa kwamba watu wengi wenye ugonjwa wa polisithemia vera, ambao damu yao inakuwa nzito hadi kuleta kiharusi, wana kosa dogo kwenye JAK2. Kosa lile linaifanya JAK2 ibaki macho hata kama EPO haikugonga mlango. Uloto unaendelea kutii amri ambayo hakuna aliyeitoa. Wa kwanza amekosa mpeleka taarifa. Wa pili ana kijiti kinachokimbia chenyewe.

Sasa nirudi kwa GATA1, na kwa malaria.

Kuna vimelea vya malaria vya aina kadhaa. Kinachotuua zaidi Afrika ni falsiparum. Kuna kingine, vivaksi, kinachosumbua sana Asia na Amerika ya Kusini lakini Afrika ya Magharibi na ya Kati ni adimu. Kwa nini? Katika miaka ya 1970 Louis Miller na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba vivaksi anaingia kwenye chembe nyekundu kwa kupitia protini iitwayo Duffy iliyo juu ya ngozi ya chembe, na kwamba watu wengi wenye asili ya Afrika hawana Duffy kwenye chembe zao nyekundu. Hakuna mpini wa kushika, mlango haufunguki.

Watu wakadhani jeni ya Duffy imeharibika. Mwaka 1995 watafiti wa Ufaransa waliisoma herufi kwa herufi na kuikuta nzima. Kilichobadilika ni herufi moja iliyo nje ya jeni, kwenye swichi iliyo mbele yake: T imekuwa C. Herufi ile ilikuwa ndani ya neno GATA. Neno limevurugika, GATA1 inapita bila kutua, na kwenye chembe nyekundu Duffy haitengenezwi. Lakini kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, ambako swichi hushikwa na protini nyingine, Duffy ya mtu yuleyule inatengenezwa kama kawaida.

Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya. Mababu zetu hawakupoteza jeni. Waliipoteza mahali pamoja tu, pale palipokuwa na adui, na wakabaki nayo kwingine kote ilikohitajika. Herufi moja kati ya bilioni tatu.

Isidhaniwe kwamba mlango umefungwa kwa kufuli. Mwaka 2010 ilithibitishwa Madagaska kwamba vivaksi amewaingia hata watu wasio na Duffy kwenye chembe zao. Kimelea nacho kinatafuta njia.

Na herufi hii ina jambo lingine ambalo ningependa kila Mwafrika anayepimwa damu alijue, hasa ndugu zetu wanaotibiwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mwaka 2009 watafiti waliihusisha na idadi ndogo ya seli nyeupe aina ya nyutrofili. Mtu ni mzima, hauguiugui, lakini karatasi ya maabara inasema nyutrofili zake ziko chini, kwa sababu kipimo cha kawaida kilipangwa kwa kuwatazama watu wengine. Wapo waliopunguziwa dozi ya dawa za saratani au kuzuiwa kuingia kwenye majaribio ya dawa kwa sababu ya namba hiyo tu. Hawakuwa na ugonjwa. Walikuwa na C pahali pa T.

Hiyo ni swichi iliyovurugika ikaleta kinga. Swichi ikihamishwa mambo huwa mengine kabisa, na mfano wake tunao hapahapa jirani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alikuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alipoanza kuona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, wakati mwingine taya zote mbili, meno yamelegea, jicho limesukumwa nje. Aliuandika ugonjwa huo mwaka 1958. Mwaka 1961 alifunga safari ya gari na wenzake wawili, wiki kumi, kilomita 16,000 hivi, wakipita hospitali baada ya hospitali kusini na mashariki mwa Afrika kuuliza nani amewahi kuuona. Ramani waliyorudi nayo ilifuata joto na mvua: ilikaribia kuwa ramani ya malaria. Vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kwa ndege kutoka Kampala ndivyo vilivyowawezesha Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, mwaka 1964, kukiona kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Lakini kirusi peke yake hakitoshi kueleza. Jibu la ndani zaidi lilipatikana mwaka 1982, na linahusu protini ya unukuzi iitwayo MYC. MYC ni ile inayoiambia seli igawanyike. Kwa kawaida inawashwa kwa taarifa maalumu, na ikitengenezwa haidumu hata nusu saa. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 8. Katika saratani ya Burkitt, kromosomu ya 8 na ya 14 mara nyingi zimekatika na kubadilishana vipande, na MYC ikajikuta imehamia jirani na jeni ya kingamwili. Seli B, ambazo ndimo saratani hii inamoanzia, ni viwanda vya kingamwili. Swichi ya jeni hiyo kwao hailali. Ukiipeleka MYC kwenye swichi isiyolala, unaipa seli amri ya kugawanyika isiyokoma. Kosa la msingi liko kwenye anwani.

Malaria inaingia hivi. Kila inapompiga mtoto, seli B zake huchochewa kugawanyika kwa wingi, na ndani yake kuna kimeng'enya chenye kibali cha kukata DNA ya kingamwili ili kuinoa. Kikifanya kazi mfululizo, mwaka hadi mwaka, siku moja kinakata pasipopaswa. Seli iliyokatwa vibaya ingepaswa kujiua. Kirusi cha Epstein na Barr kinaisaidia isife. Burkitt alishuhudia uvimbe ukiyeyuka kwa dozi chache tu za saiklofosfamaidi, na hadi leo hii ni moja kati ya saratani za watoto zinazoitikia dawa upesi. Taya la mtoto likivimba bila jino bovu, usingoje wiki ipite.

Sasa tuje kwa aliyeilaza gama.

Mwaka 1948 daktari wa watoto Janet Watson, huko Brooklyn, New York, aliona kile alichokiona daktari wa mpwa wangu: watoto wachanga wenye seli mundu hawaugui, na huenda ni damu ya tumboni inayowakinga. Baadaye ikaonekana pia kwamba wako wagonjwa, mathalani wengi wa mashariki ya Saudia na baadhi ya sehemu za India, ambao ugonjwa wao ni mpole kwa sababu gama yao haikuzimwa sana. Ikajulikana kwamba gama ikibaki, mtu anapona nusu. Nani anaizima, hakuna aliyejua kwa miaka sitini.

Mwaka 2007 na 2008 watafiti walilinganisha DNA za watu wenye gama nyingi na wenye gama kidogo, na kidole kikaelekea kwenye kromosomu ya 2, kwenye jeni iitwayo BCL11A. Ilikuwa ikijulikana kwa habari za saratani ya damu. Hakuna aliyeiwazia himoglobini. Huko Boston, Vijay Sankaran na Stuart Orkin wakaipunguza BCL11A kwenye seli zinazoelekea kuwa chembe nyekundu, na gama ikapanda. Ndiye huyo. BCL11A ni protini ya unukuzi ya kuzima. Mwaka 2011 panya wenye seli mundu walioondolewa BCL11A kwenye damu yao walipona. Mwaka huohuo Julie Makani, Siana Nkya na wenzao wa Muhimbili walichapisha matokeo ya wagonjwa wa Tanzania wakilinganishwa na wa Uingereza, na BCL11A ilionekana ikifanya kazi yake kwetu vilevile. Nchi inayokadiriwa kuzaliwa watoto 11,000 wenye seli mundu kila mwaka haikuwa mtazamaji katika utafiti huu.

Mwaka 2018 ikaonekana hata pale inapotua: neno la herufi TGACCA, kama herufi 115 mbele ya jeni ya gama. Na ikaeleweka kwa nini koo chache duniani hubaki na himoglobini ya tumboni maisha yao yote. Baadhi yao wamezaliwa na neno hilo likiwa limeharibika. BCL11A inakuja, haioni pa kutua, gama inabaki imewaka.

Kwa nini basi tusiiondoe BCL11A kabisa? Kwa sababu ina kazi nyingine. Ubongo unaihitaji unapojengwa, seli B zinaihitaji. Ukiiua kila mahali, unamponya mtoto damu unamharibia kichwa. Hapo ndipo somo la Duffy linaporudi. Mwaka 2013 Daniel Bauer na Orkin walionyesha kwamba jeni ya BCL11A ina swichi ambayo inafanya kazi kwenye seli za chembe nyekundu pekee. Ndani ya swichi hiyo, katika kipande kidogo sana, kuna neno: GATA. GATA1 hutua pale na kuiwasha BCL11A, nayo BCL11A inakwenda kuilaza gama.

Kwa hiyo matibabu yakawa hivi. Wanachukua seli mama za damu za mgonjwa, nje ya mwili wanazikata kwa CRISPR, mkasi wa maabara wa kukatia DNA, hasa pale kwenye neno GATA, kisha wanazirudisha. Neno limevurugika, GATA1 inapita bila kutua. BCL11A inapungua kwenye damu peke yake, ubongo hauguswi. Gama inaamka. Kile ambacho asili ilikifanya kwa Duffy kwa maelfu ya miaka, watu wamekifanya maabara kwa makusudi, dhidi ya neno lilelile, kwenye jeni nyingine.

Victoria Gray wa Mississippi alitibiwa hivyo mwaka 2019, wa kwanza Marekani mwenye seli mundu. Uingereza iliidhinisha tiba hii Novemba 2023, Marekani Desemba. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha, 29 walimaliza angalau miezi kumi na miwili mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Waliozoea kulala wodini wakaanza kulala nyumbani.

Bei yake Marekani ilitangazwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kabla ya kurudishiwa seli, mgonjwa hupigwa dawa kali ya kuusafisha uloto wa zamani, ambayo inaweza kumnyima uzazi. Anahitaji wodi ya peke yake kwa wiki kadhaa. Siwezi kuliandika hili kwa utulivu. Ugonjwa uko Kilifi, Mwanza, Mbale na Kinshasa. Tiba iko kule ambako wagonjwa ni wachache. Hatua zipo: Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekwisha kuwapandikiza watoto wenye seli mundu uloto wa ndugu zao. Lakini si kila mtoto ana ndugu anayelingana naye.

Ndiyo maana macho yangu yako kwenye kidonge. Mwaka 2024 watafiti walitangaza molekuli inayoifanya seli iisage WIZ, protini nyingine inayosaidia kuilaza gama. Kwa panya na nyani, himoglobini ya tumboni iliongezeka. Ni mapema bado. Ila kidonge kinapanda daladala, kinafika zahanati isiyo na umeme.

Na kimoja tunacho tayari. Haidroksiurea ni dawa ya zamani, iliyoanzia kwenye saratani, na kwa wengi huiamsha gama kwa kiasi. Kulikuwa na hofu kwamba katika nchi zenye malaria ingewadhuru watoto. Utafiti uliofanywa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale kwa watoto 606, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kinyume: mashambulio ya maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, vifo vilipungua.

Mpwa wangu ana miaka tisa sasa. Mwaka jana nilimchorea dada yangu haya yote nyuma ya bahasha ya matokeo ya maabara: gama, beta, mshale wa BCL11A, msalaba pale kwenye GATA. Alizungusha kidole juu ya mchoro, akaniuliza, "Kwa hiyo ile damu bado anayo?"

"Anayo."

"Kiasi gani?"

Nikaigeuza bahasha nikamwonyesha mstari wa himoglobini ya tumboni. Asilimia kumi na nne. Kabla ya dawa ilikuwa tano. Akamwita mtoto kutoka nje alikokuwa akicheza, akamwuliza kama kidonge cha leo ameshameza.